Albumini na Maji ya Damu

Mtu avunjapo yai la kuku na kukitenga kiini hubakiwa na ute unaoteleza, usio na rangi. Takriban sehemu tisa katika kumi za ute huo ni maji. Katika kinachobaki, kilicho kingi ni protini, na zaidi ya nusu ya protini hizo ni albumini. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe, ijapokuwa ute haufanyi weupe mpaka upate moto.

Badiliko hilo laweza kuonyeshwa darasani. Ute wa yai moja huchanganywa na bilauri ya maji baridi yenye chumvi kidogo, kisha huchujwa kwa kitambaa safi. Albumini imo ndani ya maji hayo lakini haionekani, kwa kuwa imeyeyuka. Sehemu yake ikichemshwa hugeuka nyeupe, na tone la siki likitiwa, mabonge madogo hujitenga. Hata yakipoa hayarudi kuyeyuka. Sababu ni kwamba kila molekuli ya protini ni mnyororo mrefu wa amino asidi uliokunjwa kwa namna yake maalumu: sehemu zinazopatana na maji zimeelekea nje, na zisizopatana nayo zimefichwa ndani. Joto huukunjua mnyororo, yaliyofichwa hutokeza, na molekuli hushikamana zenyewe kwa zenyewe.

Katika maziwa ya ng'ombe pia imo albumini, ingawa ni kidogo. Maziwa yakitiwa siki, kasini huganda, na albumini hubaki katika maji yanayojitenga. Lakini jina hili la pamoja laweza kumpotosha mwanafunzi. Wanakemia wa zamani waliita albumini kila protini iliyoyeyuka katika maji na kuganda kwa moto. Leo inajulikana kwamba albumini ya yai na ile ya damu hazina nasaba moja. Zimefanana tabia tu.

Albumini ya damu ya binadamu hutengenezwa na ini. Molekuli yake moja ina amino asidi 585, na lita moja ya utegili, yaani sehemu ya damu iliyo majimaji, huwa na gramu 35 hadi 50 za protini hiyo kwa mtu mzima mwenye afya. Huchukua mafuta na dawa nyingi kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Kazi yake kubwa, hata hivyo, ni kuyashika maji. Msukumo wa moyo huyasukuma maji yatoke katika mishipa midogo kabisa yaingie katika nyama za mwili. Molekuli za albumini ni kubwa, hazipenyi kwa urahisi katika kuta za mishipa hiyo; hivyo hubaki ndani na kuyavuta maji kwa njia ya osmosisi. Kiasi cha robo tatu ya mvuto huo ni kazi ya albumini.

Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa London alieleza habari za wagonjwa waliovimba miili. Mkojo wao, ulipopashwa moto katika kijiko juu ya mshumaa, uliganda kama ute wa yai. Figo zao zilikuwa zimeharibika na kuipitisha albumini ambayo figo nzima huizuia.

Uvimbe wa namna hiyo huonekana pia kwa watoto wenye unyafuzi. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933 katika nchi ambayo sasa ni Ghana, na mwaka 1935 akaandika jina lake la Kiga, kwashiorkor. Damu ya watoto hao ina albumini kidogo. Watafiti waliofanya kazi Kampala walieleza mwaka 1973 jinsi kupungua kwa albumini kunavyohusiana na kuanza kwa ugonjwa, na vitabu vya shule vikashika maelezo mepesi: chakula hakina protini, albumini hupungua, maji huvuja, miguu huvimba.

Maelezo hayo yalitiwa shaka mwaka 1980. Watafiti wa Jamaica waliona kwamba uvimbe wa watoto waliotibiwa ulipungua kabla ya albumini yao kupanda. Mwaka 2013 uchunguzi wa watoto mapacha nchini Malawi ulionyesha kwamba pacha mmoja aweza kupata unyafuzi na mwenzake asipate, ilhali wamelelewa nyumba moja. Bakteria wa matumbo walionekana kuwa na sehemu katika jambo hilo. Naye Malcolm Coulthard, daktari wa figo za watoto nchini Uingereza, aliyapitia upya matokeo ya zamani, na mwaka 2015 akatetea kwamba upungufu wa albumini ndio chanzo cha uvimbe. Ubishi haujakatika, na mwalimu atakayelifundisha somo hili kama jambo lililokwisha atakuwa amewapunja wanafunzi wake.

Wodini, hata hivyo, utaratibu uko wazi. Shirika la Afya Duniani limekataza kumpa mtoto wa namna hiyo dawa za kukojoza ili kuuondoa uvimbe. Wala hashibishwi nyama na mayai siku za kwanza, hata kama albumini yake iko chini sana, kwa kuwa ini na figo zake hazijaweza kustahimili protini nyingi. Huanzishiwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kwa vipimo vidogo vidogo, mchana na usiku. Chakula chenye protini ya kutosha huongezwa baadaye, hamu ya kula ikiisha kurudi na uvimbe ukianza kupungua.