Makala katika udongo: ni chakula ao ni gala ya chakula?



Wengine wanasema: «Weka makala katika shamba, mahindi itakuwa mizuri.» Wengine wanajibu: «Bongo! Makala ni kitu cha kupikia tu.» Tumeona vema kueleza jambo hili, kwani kila upande unasema nusu ya kweli.

Mbele ya yote, azoti ni nini? Ni chakula kile kinachofanya majani yawe ya kijani. Mahindi ikikosa azoti, majani ya chini yanageuka manjano kuanzia ncha, na mavuno yanakuwa kidogo. Hewa tunayopumua iko na azoti sehemu 78 kwa 100, lakini mahindi haiwezi kuikula namna ile. Mizizi inakunywa azoti iliyoyeyuka katika maji, zaidi kwa namna mbili: amonyumu na nitrati.

Sasa, udongo mwekundu wa inchi za joto ni mzee sana. Mvua imeuosha miaka elfu na elfu, na hauna mikono mingi ya kushika chakula. Mvua kubwa ikinyesha, nitrati inashuka na maji mpaka mahali mizizi haifiki. Mama ametoa feza yake kununua mbolea, na sehemu ya feza ile inakwenda na maji.

Hapo makala inasaidia. Kala moja iko na matundu mengi madogo sana, na uso wake unashika amonyumu. (Nitrati inashikwa kidogo tu.) Tena inapunguza asidi ya udongo. Kule Amazonia, inchi ya Brazil, wenyeji wa zamani, mbele Wazungu hawajafika, waliacha katika udongo makala, mifupa na takataka ya jikoni. Udongo ule mweusi unazaa vizuri hata leo.

Na maharagi? Mwaka 2007 wataalamu walitangaza majaribio yao kwa udongo wa Kolombia. Bila makala, maharagi ilipata kutoka hewani sehemu 50 kwa 100 za azoti yake, kwa msaada wa bakteria za mizizi. Walipotia gramu 90 za makala kwa kilo moja ya udongo, ilifika 72. Lakini gramu 90 ni nyingi sana kwa shamba zima!

Angalieni basi: makala mpya, peke yake, inaweza kuleta njaa. Yenyewe haina azoti nyingi ya kutoa, na ile ya udongo inaishika. Ni gala, na gala tupu haishibishi mtu. Kwa hiyo tuijaze kwanza: tuisage, tuichanganye na mavi ya mbuzi ao mbolea ya majani, tuiache majuma machache, kisha tuipeleke shambani.

Neno moja tena. Tusikate hata mti mmoja juu ya kazi hii. Vumbi inayobaki chini ya mfuko wa makala inatosha kwa kuanza, na magunzi ya mahindi yanaweza kuchomwa kwa hewa kidogo.

Mwenye mashaka atengeneze matuta manne: moja bila kitu, moja ya makala tu, moja ya mavi tu, moja ya vyote viwili. Apande siku moja, kisha apime mavuno. Tuta litajibu kuliko sisi.