Tiba za kisaikolojia kwa maumivu sugu baada ya jeraha la uti wa mgongo au ubongo

Tiba za kisaikolojia kwa maumivu sugu ni njia za kumsaidia mgonjwa aliyeumwa kwa zaidi ya miezi 3 kubadili mawazo, hisia na mwenendo vinavyoambatana na maumivu yake. Hutumiwa pamoja na dawa na mazoezi ya viungo, si badala yake. Kupelekwa kwa mwanasaikolojia hakumaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni.

Baada ya uti wa mgongo kuumia, mtu anaweza kuhisi moto au mipigo kama ya umeme katika miguu ambayo haihisi tena ikiguswa. Maumivu hayo hutokana na neva zenyewe kuharibika. Dawa kama pregabalini na amitriptilini huyapunguza kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ni mara chache huyaondoa kabisa. Kwa walioumia ubongo, tatizo la kawaida zaidi ni kuumwa kichwa.

Historia

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango. Walieleza kwamba taarifa za maumivu hupita katika uti wa mgongo kama mlangoni, na kwamba ubongo unaweza kuufungua au kuubana mlango huo. Sehemu kadhaa za nadharia zilirekebishwa baadaye, ila ilisaidia kueleza kwa nini hofu na huzuni huzidisha maumivu. Nchini Marekani, Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington aliwafundisha wagonjwa kufanya mazoezi kwa kiasi kilichopangwa mapema, badala ya kuacha kila wanapoumwa.

Aina

Inayotumika sana ni tiba ya utambuzi na tabia. Kwa mfano, mgonjwa anaamini kwamba mguu ukiwaka, uti wa mgongo unazidi kuharibika. Kwa hofu hiyo anabaki kitandani, misuli inadhoofika, usingizi unapotea, na maumivu yanapata nguvu zaidi. Mtaalamu humsaidia kuipima imani hiyo na kurudia shughuli zake kidogo kidogo. Tiba ya kukubali na kujitolea, iliyoanzishwa na Steven Hayes, haipambani na wazo lenyewe. Humwelekeza mgonjwa kufanya yaliyo muhimu kwake hata maumivu yakiwapo. Hipnosisi, yaani kuelekeza fikra katika hali ya utulivu mkubwa, nayo imejaribiwa kwa watu waliopooza.

Mgonjwa aliyeumia ubongo huweza kusahau au kuchoka haraka. Kwake vipindi huwa vifupi, mambo huandikwa na kurudiwa, na jamaa anayemtunza hushirikishwa.

Ufanisi

Kwa maumivu sugu kwa jumla, manufaa yaliyopimwa ni madogo. Tafiti zinazohusu majeraha haya hasa ni chache na zina washiriki wachache. Mgonjwa anaweza kurudi kazini au kulala vizuri huku ukali wa maumivu ukiwa karibu uleule.

Maumivu mapya au yaliyobadilika ghafla hupimwa na daktari kwanza, kwa sababu mtu aliyepooza anaweza kuwa na kidonda, mfupa uliovunjika au maambukizi ya kibofu bila kuyahisi mahali pake.