Saa ya Mkono kwa Mkono Mwembamba

Hivi karibuni tulimtembelea mhudumu mmoja wa afya wa kijiji. Ni mama wa makamo, mwembamba, na alijifunza kusoma ukubwani kama wengi wetu. Tulimkuta katika nyumba moja yenye mtoto wa miaka miwili anayekohoa. Mama yule alitaka kuhesabu pumzi za mtoto. Akainua mkono atazame saa. Kumbe saa imezunguka, imekwenda upande wa chini wa mkono, kioo kinatazama sakafu! Akaivuta juu. Ikateleza tena. Mwishowe akaivua, akampa mama wa mtoto amshikie. Mama wa mtoto naye alikuwa na wasiwasi, mkono unamtetemeka. Hesabu ikapotea mara mbili. Mara ya tatu akapata pumzi 46, akasema mtoto apelekwe zahanati sasa hivi, asisubiri kesho.

Baadaye tulimwuliza ile saa aliipata wapi. "Mnadani," akasema. "Muuzaji aliniambia, mama chukua hii kubwa, ndiyo imara."

Tulicheka pamoja naye, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Mtoto mwenye kikohozi akivuta pumzi za haraka, huenda ana nimonia, na nimonia huua. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika moja ni za haraka mno. Mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Mchanga wa chini ya miezi 2, ni 60 au zaidi. Huhesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Sasa hebu fikiri: nani anaweza kutofautisha pumzi 36 na pumzi 46 kwa macho matupu? Hapo inatakiwa saa, tena saa inayotulia mkononi.

Wengine watasema, siku hizi simu zina saa, ya mkononi ya nini? Ni kweli, simu ina saa. Lakini simu huisha chaji, huogopa mvua, na inataka mkono wa kuishika. Mwenye kumshika mtoto mikono yake yote miwili ina kazi.

Basi tuseme umeamua kununua, na mkono wako ni mwembamba. Usianzie dukani. Anzia nyumbani, kwa uzi na rula ya mwanafunzi. Zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, pale unapotaka saa ikae, usibane wala usilegeze. Weka alama pale uzi unapokutana, kisha unyooshe juu ya rula. Ukipata sentimita 14, 15 au karibu na 16, mkono wako ni mwembamba. Halafu pima jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui: upana wa mkono upande wa juu, ule ulio bapa. Weka rula juu yake, ikate mkono kama saa itakavyokaa. Pengine utapata sentimita 5 hivi. Andika namba zote mbili kwenye karatasi, uende nazo sokoni.

Namba ya pili ndiyo yenye maana zaidi. Saa ina masikio mawili juu na mawili chini, pale mkanda unaposhikia. Pima kutoka ncha ya sikio la juu mpaka ncha ya sikio la chini. Urefu huo ukizidi upana wa mkono wako, masikio yatatokeza nje, mkanda utaning'inia hewani, na saa itazunguka tu hata ukikaza vipi. Ukikaza zaidi itakuumiza, na bado itazunguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule. Alifikiri mkanda ndio mbaya, kumbe ni saa yenyewe.

Huna rula? Chukua kizibo cha soda. Kizibo kina upana wa milimita 32 hivi. Saa yenye uso unaolingana na kizibo, au uliokizidi kidogo tu, itakaa vizuri kwenye mkono mwembamba. Ikikizidi kizibo kwa upana wa kidole kizima, irudishe mezani, hata kama muuzaji anaapa.

Na wanaume wembamba nao wasione haya. Tunajua maneno ya vijana: eti saa ndogo ni ya kike. Waulize wazee waliovaa saa za kutia ufunguo zamani. Saa nyingi za wanaume za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na upana wa milimita 33 mpaka 36. Hakuna aliyewacheka. Haya masaa makubwa kama kifuniko cha chupa ya chai ni mtindo uliokuja baadaye.

Ila kuna mtego, nasi tunataka uuangalie vizuri. Ukimwambia muuzaji kwamba unataka saa ndogo, mara nyingi atakuletea saa ya mapambo. Inang'aa, ina vijiwe, haina namba, na ina mishale miwili tu. Mshale wa sekunde haupo! Saa ya namna hiyo ni nzuri kwa harusi. Kwa kuhesabu pumzi haifai kitu. Kwa hiyo sema wazi tangu mwanzo: nataka ndogo, yenye namba zote 12, na mshale wa sekunde unaoonekana. Isogeze mbali kama unavyosogeza kitabu. Kama huoni mshale wa sekunde mchana wa jua, usiku wenye taa ndogo utauona wapi?

Tukija kwenye bei, kuna habari njema. Saa nyingi za leo zimeandikwa usoni neno QUARTZ. Hilo ni jina la jiwe. Ndani ya saa kuna kipande kidogo cha jiwe hilo, na betri inakitetemesha mara 32,768 kwa kila sekunde. Saa huhesabu mitetemo hiyo, ikitimia husogeza sekunde moja. Saa ya mkono ya kwanza ya namna hii kuuzwa madukani ilitoka Japani mwezi wa Desemba 1969, na bei yake ilikuwa yen 450,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Leo jiwe hilo limo katika saa za bei ndogo kabisa. Saa ya jiwe iliyo nzima, hata ya bei nafuu, kwa kawaida haikosei zaidi ya nusu dakika hivi kwa mwezi. Saa ya ufunguo, hata ya gharama kubwa, huweza kukosea sekunde kadhaa kila siku. Kwa hiyo ukilipa fedha nyingi zaidi, aghalabu unalipia chuma, mapambo na jina. Saa haitakuwa sahihi zaidi kwa sababu hiyo.

Kwa kuwa sasa tunajua kusoma, tuyasome na maneno mengine. JAPAN MOVT maana yake mashine ya ndani ni ya Japani. Saa yenyewe huenda imeungwa kwingine. STAINLESS STEEL BACK maana yake mfuniko wa nyuma peke yake ndio wa chuma kisichoshika kutu. Kwingine kunaweza kuwa chuma hafifu kilichopakwa rangi ya dhahabu, na jasho la jembe litaibandua. WATER RESIST maana yake saa inavumilia matone ya mvua na kunawa mikono. Hata ikiandikwa meta 30, usidhani unaweza kuzama nayo ziwani au kufulia nayo. Ukubwa huo wa maji umepimwa kwenye chombo, saa ikiwa mpya na imetulia.

Kuna pia saa za tarakimu, zisizo na mishale. Moja inayojulikana sana ni Casio F-91W. Ilianza kuuzwa mwaka 1989 na inatengenezwa mpaka leo. Upana wake ni milimita 35 hivi, yaani kizibo cha soda na kidogo tu. Uzito wake ni gramu 21. Mwenye kiwanda anasema betri yake hudumu miaka 7 hivi, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayekaa mbali na fundi saa. Inaonyesha sekunde kwa namba, na ina kipima muda: unabonyeza, unahesabu pumzi mpaka dakika moja itimie. Taa yake ni hafifu, hilo tuliseme. Na bandia zake ni nyingi. Bonyeza kitufe cha chini upande wa kulia bila kuachia kwa sekunde chache; ile ya kweli huandika CASIo kiooni. Ni kipimo cha kwanza, si cha mwisho, maana waigaji nao hawalali.

Wengi wetu tunaziogopa saa za tarakimu kwa sababu ya hesabu ya saa zetu. Kwenye saa ya mishale hakuna taabu: mshale mfupi ukiwa kwenye 7, unatazama namba iliyo mkabala, 1, unasema saa moja. Kwenye tarakimu hakuna mkabala. Hapo toa sita. Ukiona 10:00, kumi toa sita, saa nne. Namba ikiwa ndogo, ongeza sita: 3:00 ni saa tisa. 6:00 ni saa kumi na mbili, na 12:00 ni saa sita. Lakini saa hizi zinaweza kuwekwa pia katika hesabu ya saa 24, na hapo ukiona 19:00 utachanganyikiwa. Kwenye hiyo F-91W, kitufe kilekile cha chini kulia ukikibonyeza mara moja kinabadilisha hesabu. Irudishe kwenye 12, uendelee na kutoa sita.

Mkanda nao usisahauliwe. Mkanda wa plastiki au ngozi una matundu. Vaa saa pale pale dukani, uone kama tundu la mwisho linakutosha. Ncha ya kidole kidogo iweze kupita chini ya mkanda, basi. Kama limebaki tundu moja tu, fundi viatu atakutobolea mengine, mradi saa yenyewe si kubwa. Mkanda wa mnyororo hupunguzwa pingili na fundi saa. Mwambie atoe sawasawa pande zote mbili, la sivyo kifungio kitakaa ubavuni mwa mkono. Na ulizia bei ya kupunguza kabla hujalipa saa, kwa maana wengine hukumbuka gharama hiyo baadaye.

Kabla ya kutoa fedha, ilinganishe na simu yako kwa dakika tano, papo hapo. Mshale wa sekunde utembee bila kusita. Kisha tingisha mkono kama unayepalilia. Ikibaki mahali pake, mnaweza kuanza kupatana bei.

Mama yule tulimwona tena wiki tatu baadaye. Amenunua saa ya mishale, ndogo, uso mweupe, namba nyeusi, mshale wa sekunde mwekundu. Fundi viatu amemwongezea matundu mawili. Mtoto aliyekuwa akikohoa alitibiwa, na tulimkuta akikimbiza kuku. Ile saa kubwa imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na wanawe ndiyo wanayoitazama asubuhi kabla ya kwenda shule.