Nafasi ya Mistari: Hesabu Kurasa Kabla ya Kulipia Programu

Una kijitabu cha kuchapisha, fedha ni ya mawazo, na steshenari inakutoza kwa ukurasa. Kabla hujalipia programu ya kupanga kurasa, tazama nafasi kati ya mstari na mstari. Hapo ndipo bei inapopanda au kushuka.

Chukua ukurasa wa A5, juu na chini umeacha milimita 20. Herufi za ukubwa wa 10 zikipewa nafasi ya pointi 14, inaingia mistari 34. Andiko la mistari 1,360 linakula kurasa 40.

Ukishusha hadi 13, unapata kurasa 37, lakini hujaokoa kitu. Kijitabu cha kukunja na kupigwa pini huenda kwa kurasa nne nne, kwa hiyo utalipia 40, tatu zikiwa tupu. Shusha hadi 12.5: mistari 38, kurasa 36. Kwenda 12 hakupunguzi karatasi nyingine. Kunachosha macho tu.

Kila nakala sasa imepungua karatasi moja ya A4, yaani pande mbili. Kwa nakala 200, ukitozwa sh. 100 kwa upande wa A4, wenye kurasa mbili za kijitabu, umebakiwa na sh. 40,000.

Nafasi hiyo unaweza kuiweka kwa programu za aina tatu. Ya kwanza ni programu ya kuandikia uliyonayo. Haikugharimu zaidi. Weka nafasi kwa pointi kamili, usitumie 1.0 wala 1.5, maana vipimo hivyo hubadilika kulingana na aina ya herufi. Inatosha kwa maandishi matupu. Tahadhari: ukiweka pointi kamili, picha iliyokaa ndani ya mstari huonekana kipande tu.

Programu huria ya kupanga kurasa. Ni ya bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Picha zinakaa unapotaka. Gharama yake ni bando na muda wa kujifunza.

Ya kulipia kila mwezi. Ni nzuri, na mafundi wengi wanaitumia. Lakini soma masharti: bei ya mwezi inayotangazwa huenda ni ya mkataba wa mwaka mzima, na ukiuvunja mapema unatozwa. Jumlisha kodi na makato ya benki ya kubadili fedha. Ukiacha kulipa, huenda usiweze tena kurekebisha faili lako.

Programu yoyote utakayotumia, peleka PDF iliyobeba herufi zake. Ukipeleka faili la kazi na kompyuta ya steshenari haina herufi hizo, mistari inahama, 36 zinarudi 40, na unaweza kudaiwa pesa ya kupanga upya.

Kwa kijitabu kimoja, tumia uliyonayo; kikiwa na picha nyingi, chukua ya bure. Ya kila mwezi isubiri hadi kazi za wateja ziweze kuilipia.

Leo chapa ukurasa mmoja wa majaribio, umpe mtu mzima ausome. Akipata shida, rudi 13 na ukate mistari 28 ya maneno. Kurasa zitabaki 36.