Doti ya Kanga Ndani ya Punje

Mama mmoja wa Mbozi ameniandikia kwa uchungu. Msimu uliopita alipanda mbegu chotara za dukani, akavuna hadi majirani wakaja kutazama. Akachagua mahindi manono, akayaning'iniza juu ya meko kama alivyofundishwa na mama yake, moshi uyakinge na fukusi na dumuzi. Mwaka huu shamba limemtia aibu: mmea mmoja mrefu, wa pili kimo cha goti, wa tatu gunzi lina mapengo. Anauliza, "Nimekosea wapi?"

Hukukosea, mama, wala mbegu haijarogwa. Ya mbolea na mvua tuyaache leo, tuingie ndani ya punje.

Kila jeni ya mhindi huja jozi: nakala moja kutoka kwa baba, kwenye mbelewele, nyingine kutoka kwa mama, kwenye gunzi. Jozi hiyo ni doti ya kanga. Sasa chukua doti mbili kuukuu. Ya kwanza, vipande vyote viwili vimetoboka kwenye pindo, mahali pale pale. Ya pili, vyote vimetoboka kwenye mji. Ukivilaza vipande vya doti moja pamoja na kuviinua juani, mwanga unapenya. Hao ndio wazazi wa chotara, kila mmoja akichavushwa kwa chavua yake mwenyewe vizazi kadhaa hadi wakadumaa. Sasa twaa kipande kimoja huku na kimoja kule, uvilaze pamoja: tundu la pindo limezibwa, tundu la mji limezibwa. Shamba zima la chotara limevaa doti hiyo moja, ndiyo maana mimea husimama sawasawa kama gwaride.

Msimu wa pili kila mtoto anaokota kipande kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, na wote wawili wana doti mseto. Katika watoto wanne, kwa wastani wawili watapata doti mseto. Mmoja ataangukia vipande viwili vya tundu la pindo, mwingine viwili vya tundu la mji. Na mahindi yana jeni kwa makumi ya maelfu. Kura hiyo ndiyo iliyochezwa shambani kwako.

George Shull, mtafiti wa Marekani, aliieleza mwaka 1908 nguvu hii ya chotara kuwapita wazazi wake. Kwa Kiswahili inaweza kuitwa "nguvu ya uchotara". Sitosheki na jina hilo: linataja mchanganyiko tu, halisemi kwamba kipande kimoja kinamsitiri mwenzake. "Nguvu mahuluti" nalo lina kasoro hiyo hiyo. Mimi naiita nguvu ya doti, kwa kuwa haikai katika kipande chochote. Inakaa katika kupatana kwa viwili, na kupatana hakuwekwi akiba juu ya meko.

Hapo ndipo maisha ya kijiji yanapobadilika. Chotara H611 ilipotoka Kitale mwaka 1964, mahindi ya Kenya yakikutanishwa na ya milima ya Ecuador, wakulima wadogo waliipokea kwa hamu. Mavuno yaliongezeka. Lakini mbegu ambayo jirani alimpa jirani kwa kisahani sasa inadai fedha taslimu, tena kabla ya mvua, wakati ghala na mfuko vyote vimepungua. Na bibi aliyejua kuchagua hindi la mbegu hashauriwi tena.

Chotara zenye wazazi watatu au wanne hupoteza nguvu hiyo kwa kiasi kidogo zaidi mbegu ikirudiwa, lakini huipoteza. Kwa hiyo, mama, ukiuza mavuno, fedha ya mbegu itenge siku hiyo hiyo. Yaliyobaki juu ya meko yashushe ukasage. Unga wake ni mzuri ule ule. Kisha tenga kipande cha shamba, mbali na mahindi ya jirani, upande mbegu ya uchavushaji huria, isiyo chotara: Kilima kwenye miinuko kama kwenu, Staha kwa walio ukanda wa chini. Hiyo, ukiichagua katikati ya shamba, unaweza kuining'iniza juu ya meko. Mwite na binti yako aone unavyochagua.