Otomata Zinazouliza Sharti Badala ya Herufi

Mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott walichapisha makala iliyoweka misingi ya otomata zenye hali za idadi maalumu, yaani mashine za kinadharia zinazosoma herufi moja moja na kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Alfabeti nayo waliichukulia kuwa na kikomo. Kwa mashine inayosoma 0 na 1, hilo halina tatizo. Lakini Unicode, mfumo unaozipa namba herufi za lugha za dunia, una nafasi 1,114,112. Otomata ya hali 10 tu, ikiandikwa kama jedwali linaloonyesha kila herufi inaipeleka wapi, itadai visanduku zaidi ya milioni 11. Na kinachosomwa kikiwa namba kamili yoyote, mathalani kiasi cha fedha katika mfululizo wa miamala, jedwali haliandikiki kabisa.

Otomata za kisimboli huachana na jedwali. Kwenye mshale unaotoka hali moja kwenda nyingine haikai herufi, linakaa sharti: ni tarakimu, ni namba shufwa, inazidi 100. Otomata yenyewe haihitaji kujua tarakimu ni nini. Inachodai ni kwamba masharti yaunganike kwa “na”, “au” na “si”, na kwamba iwepo njia ya kujua kama sharti fulani linaweza kutimizwa na chochote. Swali hilo hukabidhiwa programu nyingine, kama vile Z3 ya Microsoft Research. Kwangu huu ndio ugunduzi wenyewe: nadharia inathibitishwa mara moja, kisha inatumika kwa herufi, kwa namba, kwa lolote lenye masharti ya namna hiyo.

Gharama ipo. Njia nyepesi ni kuigawa alfabeti katika mafungu ambayo ndani yake hakuna sharti linalotofautisha herufi moja na nyingine, kisha kuendelea kwa mbinu za zamani. Masharti mawili huweza kuzaa mafungu manne. 10 huzaa hadi 1,024. 30 huvuka bilioni. Mwaka 2014 Loris D’Antoni na Margus Veanes walionyesha namna ya kupunguza hali za otomata hizi bila kulazimika kuyazalisha mafungu hayo yote.

Matumizi ya otomata hizi yanagusa usalama. Tovuti husafisha maandishi ya watumiaji kabla ya kuyaonyesha: alama & hugeuzwa &amp;. Maandishi hayo yakisafishwa mara ya pili, hutoka &amp;amp;, na maandishi yameharibika. Lugha ya Bek, iliyotangazwa mwaka 2011, huigeuza programu ya kusafisha kuwa otomata ya kisimboli inayotoa maandishi mapya, kisha huuliza kama kusafisha mara mbili ni sawa na mara moja. Jibu linahusu maandishi yote yanayowezekana, si yale tu aliyoyajaribu mpimaji.

Matumizi mengine ni kutafuta maandishi. Tarehe 2 Julai 2019 ruwaza moja ya kutafuta maandishi ilizilemea kompyuta za Cloudflare, kampuni inayohudumia tovuti, na tovuti nyingi zikakwama kwa dakika 27. Injini iliyotumika, yaani programu inayotafuta ruwaza, ilikuwa ikirudi nyuma kujaribu kila njia. .NET 7, toleo la jukwaa la programu la Microsoft lililotoka 2022, ina injini iliyojengwa juu ya otomata za kisimboli, ambayo hairudi nyuma. Muda wake hukua sambamba na urefu wa maandishi. Haikubali ruwaza zinazorejelea kipande kilichosomwa awali, kwa sababu hali za otomata hizi zina idadi maalumu, hivyo haziwezi kukumbuka kipande cha urefu wowote. Kwa huduma inayopokea maandishi kutoka kwa mtu yeyote, naona inafaa kuukubali upungufu huo.