Anayehema Mwacheni Aheme

Tukimwona mwenzetu amemaliza mbio, mikono magotini na kifua kinapanda na kushuka, wengi wetu husema: huyo hana mazoezi. Tunamwonea. Kuhema kule ni kazi ya kuiokoa damu yake.

Tuchukue mita 800. Tarehe 9 Agosti 2012, jijini London, David Rudisha wa Kenya alizikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akaweka rekodi ya dunia. Kwa kasi ya namna hiyo misuli hudai nishati nyingi kuliko inayoweza kupatikana kwa oksijeni peke yake. Hapo huivunja glukosi kwa njia ya mkato, na lakteti huongezeka pamoja na ayoni za haidrojeni. Ayoni hizo ndizo tindikali yenyewe.

Damu yetu hutakiwa kubaki kati ya pH 7.35 na 7.45, namba ikishuka, tindikali imezidi. Katika mbio kali inaweza kushuka chini ya 7.2. Mwili hujitetea kwa hatua tatu. Kwanza, bikaboneti iliyomo kwenye damu huzidaka ayoni za haidrojeni papo hapo, na zao lake ni maji na kabonidayoksaidi. Pili, ubongo huyaamrisha mapafu yaitoe hewa hiyo haraka: ndiko kuhema kwenyewe. Tatu, figo hutoa tindikali kwa mkojo na kurudisha akiba ya bikaboneti, kazi inayochukua saa nyingi hata siku.

Lakteti nayo imesingiziwa mengi. Moyo huitumia kama chakula, na ini huigeuza tena kuwa glukosi. Baada ya saa moja hivi sehemu kubwa imekwisha kuondoka, kwa hiyo maumivu ya miguu ya kesho yake hayatoki kwake. Hayo huletwa na michubuko midogo ndani ya misuli isiyozoea kazi ile.

Basi tukiwa uwanjani, tusimwambie anayehema abane pumzi, wala tusimlaze chini mara moja. Tumtembeze polepole, maana mwendo mwepesi huiondoa lakteti upesi zaidi. Lakini akilalamika kifua kinauma, au kuhema kusipopungua baada ya kupumzika, hapo si suala la tindikali ya mbio tena; tumwite daktari.